Riwaya ya 1984 Mikononi mwa Wasomaji Wake

Riwaya ya George Orwell iitwayo 1984 ilitoka London tarehe 8 Juni 1949, ikachapishwa na Secker & Warburg kwa nakala 26,575 za mkupuo wa kwanza. Siku tano baadaye ilitoka New York. Wakati huo mwandishi alikuwa kitandani akiugua kifua kikuu, na mwaka haukutimia kabla hajafariki. Alikufa katika hospitali ya University College, London, tarehe 21 Januari 1950, akiwa na umri wa miaka 46. Alipata miezi saba tu ya kusikia watu wanasemaje juu ya kitabu chake. Miezi hiyo ilitosha kumwonyesha kwamba kila kambi ilikuwa imeshakichukua kitabu na kukisoma itakavyo, na kwamba katika ubishi huo kauli ya mwenye kitabu ilikuwa moja tu kati ya nyingi.

Kisa chenyewe hakina mafumbo. Winston Smith, mwanamume wa miaka 39, ni karani wa Wizara ya Ukweli katika London ya siku zijazo, mji mkuu wa jimbo moja la dola kubwa la Oceania. Kazi yake ni kuandika upya habari za magazeti ya zamani ili zilingane na kauli za leo za Chama kinachotawala. Nyumbani kwake kuna runinga isiyozimika, ambayo humwonyesha vipindi na papo hapo humtazama na kumsikiliza. Picha ya kiongozi, Kaka Mkubwa, imebandikwa kila mahali, na hakuna ajuaye kwa hakika kama mtu huyo yupo. Winston anaanza kuandika shajara kwa siri, anapendana na Julia, kisha anamwamini O'Brien, mkubwa mmoja wa Chama ambaye kumbe ndiye mtego. Anateswa ndani ya Wizara ya Upendo mpaka anamsaliti Julia, na riwaya inamalizika akiwa amevunjika kabisa, anampenda yule yule aliyekuwa akimchukia.

Riwaya za namna hii, zinazochora jamii ya kesho iliyooza na isiyo na pa kutokea, wahakiki huziita distopia. Orwell hakuwa wa kwanza kuziandika. Mrusi Yevgeny Zamyatin alikuwa ameandika riwaya yake ya Sisi mnamo 1920 na 1921, na Orwell aliisoma kwa Kifaransa na kuihakiki katika gazeti la Tribune mwezi Januari 1946. Mwingereza Aldous Huxley naye alikuwa ametoa ya kwake mwaka 1932. Tofauti ni kwamba vitabu hivyo viwili vilisomwa kama vitabu vya siku zijazo, ilhali cha Orwell kilisomwa tangu siku ya kwanza kama kitabu kinachomtaja mtu. Ubishi ukawa juu ya nani anayetajwa.

Msomaji wa kwanza kujibu swali hilo alikuwa mchapishaji mwenyewe. Fredric Warburg aliusoma mswada mwezi Desemba 1948 na kuandika ripoti ya ndani ya ofisi, akikiri kuwa ni miongoni mwa vitabu vilivyomtisha kuliko vyote alivyowahi kusoma. Katika ripoti hiyo alikadiria kwamba kitabu kingekipatia chama cha Conservative kura milioni moja. Aliona kwamba mshtakiwa ni ujamaa wenyewe, na hakuwa peke yake. Uingereza ilikuwa chini ya serikali ya Labour ya Clement Attlee tangu 1945, migodi na reli vilikuwa vimetaifishwa, na baadhi ya magazeti ya Marekani yaliipokea riwaya kama shambulio dhidi ya serikali hiyo.

Orwell, ambaye mwenyewe alikiunga mkono chama cha Labour, alilazimika kujieleza kutoka kitandani. Mwezi Juni 1949, katika barua kwa ofisa mmoja wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari nchini Marekani, alisema kwamba hakuukusudia ujamaa wala chama cha Labour. Alikuwa akionyesha upotovu ambao uchumi unaoendeshwa na mamlaka moja unaweza kuuzaa, na ambao ulikuwa umeshaonekana kwa kiasi fulani katika ukomunisti na ufashisti. Hakusema kwamba mambo yatakuwa hivyo. Alisema yanaweza kufanana na hivyo. Kisa alikiweka Uingereza makusudi, ili wasemao Kiingereza wasijidanganye kwamba wao wameumbwa bora kuliko wengine.

Maelezo hayo yamenukuliwa mara nyingi, lakini hayakuuzima ubishi. Lawama nayo si ya wasomaji peke yao. Itikadi ya Chama katika riwaya inaitwa ujamaa wa Kiingereza kwa kifupi chake, na mwandishi anayechagua jina kama hilo katika mwaka ambao nchi yake inatawaliwa na wajamaa hawezi kushangaa sana akieleweka vibaya.

Wahakiki wakubwa wa mwanzo walikuwa waangalifu zaidi kuliko magazeti ya kisiasa. V. S. Pritchett alikisifu katika New Statesman huku akilalamika jinsi kilivyojaa giza. Lionel Trilling, katika New Yorker, alionya kwamba atakayekisoma kama shambulio dhidi ya Urusi pekee atakuwa amekipunguza, kwa sababu kinachohojiwa humo ni mamlaka yenyewe, yawe ya nani. Huo ndio usomaji uliodumu katika vyuo vikuu. Kwa miongo minne ya Vita Baridi, hata hivyo, haukuwa usomaji wa watu wengi.

Upande wa ukomunisti ulijibu kwa hasira. Jarida la Masses & Mainstream la New York lilikitukana waziwazi mwaka 1949, na gazeti la Pravda la Moscow likakishambulia mwezi Mei 1950 kama kazi ya maadui wa binadamu. Makala hizo hazina cha kujifunza leo zaidi ya kuonyesha kwamba walengwa walijitambua.

Upinzani wenye uzito ulitoka kwa Isaac Deutscher, mwandishi wa maisha ya Trotsky na Stalin, katika insha iliyotoka ndani ya kitabu chake cha 1955. Deutscher anasimulia kwamba wiki chache kabla ya kifo cha Orwell, muuza magazeti mmoja kipofu huko New York alimhimiza aisome riwaya hiyo, akimwambia kuwa baada ya hapo ataelewa kwa nini Wabolsheviki wanapaswa kupigwa bomu la atomiki. Kwa Deutscher, hapo palikuwa na ushahidi wote uliohitajika: kitabu kilichoandikwa kama onyo kilikuwa kimegeuka silaha, na aliyekiandika hakuwa tena na uwezo wa kukizuia.

Lakini hoja yake ya ndani zaidi haikuhusu muuza magazeti. Winston, katika shajara yake, anakiri kuwa anaelewa jinsi Chama kinavyofanya mambo yake, ila haelewi kwa nini. Msomaji anangoja jibu kurasa nyingi, na linapokuja kutoka kinywani mwa O'Brien, ni kwamba Chama kinataka mamlaka kwa ajili ya mamlaka, basi. Deutscher aliona kwamba hilo si jibu. Aliona Orwell ameshindwa kuueleza ukatili wa kisiasa kwa sababu za kihistoria na kiuchumi, akaishia kuufanya fumbo lisilo na chanzo, kama pepo. Aliyeaminishwa hivyo, alisema, hana la kufanya ila kumchukia adui. Kati ya maoni yote ya wapinzani wa kitabu, hili ndilo zito kuliko yote, kwa sababu linagusa mshono halisi katika hadithi. Wanaomtetea Orwell hujibu kwamba O'Brien ni mhusika, si profesa, na kwamba walikuwepo watawala ambao, sababu zao zote zikivuliwa moja baada ya nyingine, kilichobaki chini kilikuwa tamaa hiyo tupu. Pande zote mbili zina ushahidi, na karne ya 20 haikuwanyima mifano.

Hofu ya Deutscher kwamba kitabu kitatumika kama silaha haikuwa ya kubuni. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liligharimia filamu ya katuni ya riwaya nyingine ya Orwell, Animal Farm, iliyotoka mwaka 1954 na mwisho wake ukabadilishwa. Baadaye shirika hilo hilo lilikuwa na mpango wa siri wa kupeleka vitabu Ulaya Mashariki, na 1984 ilikuwa mojawapo. Ajabu ni kwamba huko ilikopelekwa ilikuwa tayari ina wasomaji wake.

Czesław Miłosz, mshairi wa Poland aliyekuwa mwanadiplomasia wa serikali ya kikomunisti kabla ya kukimbilia Ufaransa mwaka 1951, aliandika mwaka 1953 kwamba kitabu hicho kilikuwa kigumu kupatikana na cha hatari kuwa nacho, hivyo waliokijua vizuri nchini kwake walikuwa baadhi ya wakubwa wa chama chenyewe. Kilichowashangaza wasomaji hao ni kwamba mtu ambaye hakuwahi kuishi Urusi ameweza kuyajua mambo ambayo wao walidhani yanajulikana kwa waliomo ndani tu. Miłosz alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1980, na maneno yake juu ya Orwell yamebaki kuwa ushuhuda unaorejewa kuliko wowote.

Wapo waliolipia usomaji wao kwa kifungo. Mwaka 1959 kijana mmoja wa Ujerumani Mashariki alihukumiwa zaidi ya miaka mitatu jela kwa kosa la kuwa na riwaya hii na kuwaazima wenzake. Katika Umoja wa Kisovieti haikuruhusiwa kuchapishwa kwa umma mpaka enzi ya Gorbachev, mwaka 1988, karibu miaka arobaini baada ya kutoka London. Burma nako, ambako Orwell alikuwa ofisa wa polisi wa kikoloni kuanzia 1922 hadi 1927, palikuwa na mzaha uliozoeleka chini ya majenerali: kwamba Orwell hakuandika kitabu kimoja juu ya Burma bali vitatu, cha pili kikiwa kile cha wanyama na cha tatu 1984. Emma Larkin, mwandishi aliyezunguka nchi hiyo akifuata nyayo za Orwell, aliufanya mzaha huo kuwa mlango wa kitabu kizima.

Wasomaji wa aina hii hawakibishii kitabu kama wale wa New York au Paris. Swali lao si kama mambo hayo yanawezekana. Wanachokiangalia ni vitu vidogo: wembe usiopatikana madukani kwa miezi, lifti isiyofanya kazi, harufu ya kabeji kwenye korido, sigara ambayo tumbaku yake inamwagika ukiishika wima. Katika tukio moja, mgawo wa chokoleti unapunguzwa kutoka gramu 30 hadi gramu 20, na kesho yake watu wanaandamana kumshukuru Kaka Mkubwa kwa kuupandisha hadi gramu 20. Mtanzania aliyepanga foleni ya sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuishi chini ya Polisi wa Fikra, ila kurasa za uhaba katika riwaya hii hahitaji kufafanuliwa.

Na swali la hao wakubwa wa Poland, kwamba Orwell alijuaje, lina majibu. Alikuwa polisi wa dola la kikoloni, hivyo aliujua utawala wa mabavu kutoka upande wa mwenye rungu. Mwaka 1937 alipigana katika vita vya Hispania, akaona magazeti yakisimulia mapigano ambayo hayakutokea na kuwaita wenzake wasaliti, na ilimbidi kutoroka Barcelona na mkewe. Kisha, kati ya 1941 na 1943, alifanya kazi BBC akitayarisha matangazo ya propaganda ya wakati wa vita kwa ajili ya India. Chumba 101, kile cha mateso katika riwaya, kilipewa namba ya chumba cha mikutano cha shirika hilo.

Upande mwingine wa ubishi unahusu ubashiri. Je, mwandishi aliona mbele sawasawa? Wa kwanza kulijibu swali hilo alikuwa Huxley, ambaye aliwahi kuwa mwalimu wa Orwell wa Kifaransa katika shule ya Eton. Katika barua ya tarehe 21 Oktoba 1949 alimpongeza mwanafunzi wake wa zamani, kisha kwa upole akamwambia kwamba amekosea. Watawala wa kesho, alidai Huxley, wataona kwamba kuwakanyaga watu usoni ni gharama isiyo na maana. Watawalea watoto kwa mazoea, watawapa watu wazima dawa za kulevya, na raia wataupenda utumwa wao bila kupigwa. Neil Postman, mwalimu wa mawasiliano wa Marekani, aliliendeleza wazo hilo katika kitabu chake cha 1985 juu ya televisheni. Alisema Orwell aliwaogopa watakaopiga vitabu marufuku, na Huxley aliogopa siku ambayo hakutakuwa na haja ya kupiga marufuku kwa kuwa hakuna atakayetaka kusoma.

Kwa miongo kadhaa Huxley alionekana mshindi, hasa katika nchi tajiri. Isaac Asimov, bingwa wa bunilizi za kisayansi, alikwenda mbali zaidi mwaka 1980 katika mapitio makali. Kwa maoni yake 1984 haistahili hata kuitwa bunilizi ya kisayansi. Ndani yake hamna kompyuta wala roboti, maovu yote ni yale yale ya Stalin yaliyohamishiwa London, na Winston bado anaandika kwa kalamu ya kuchovya. Runinga inayowatazama watu wote, aliongeza, haiwezekani, kwa sababu kila anayetazamwa atahitaji watazamaji kadhaa wa zamu, nao watahitaji wa kuwatazama.

Hesabu ya Asimov ilikuwa sahihi kwa mwaka 1980. Mwezi Juni 2013, Edward Snowden alipofichua jinsi idara ya usalama ya Marekani, NSA, inavyokusanya taarifa za simu na intaneti za mamilioni ya watu, mauzo ya 1984 yalipanda ghafla. Ilibainika kwamba mtazamaji hahitaji kuwa mtu. Kwa hiyo mwandishi asiyejua kompyuta alikuwa amekosea chombo na kupatia matumizi, na bingwa wa roboti alisahau kuwapa roboti kazi ya upelelezi. Hata hivyo, kumpima Orwell kwa alama za ubashiri ni kumdai kitu ambacho hakukiahidi. Vituko navyo vimesaidia kuukuza umaarufu wake wa kinabii. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon, kutokana na mgogoro wa haki za uchapishaji, ilifuta kwa mbali nakala za 1984 kutoka kwenye vifaa vya kusomea vya wateja waliokwishazilipia. Katika riwaya, maandishi yasiyotakiwa hutumbukizwa kwenye tundu ukutani na kuteketea. Mkurugenzi wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani.

Baada ya siasa na ubashiri linabaki swali ambalo wasomaji wengi hulikwepa: je, hii ni riwaya nzuri? Orwell mwenyewe alikuwa na shaka. Mwezi Oktoba 1948 alimwandikia Warburg kwamba wazo ni zuri lakini utekelezaji ungekuwa bora kama asingekuwa mgonjwa alipokuwa akiandika. C. S. Lewis, mwaka 1955, aliiona duni kuliko Animal Farm: mambo ya mapenzi kati ya Winston na Julia yalimchosha, na alisema yale yote ambayo 1984 inayatafuta kwa kurasa nyingi, kitabu kidogo cha wanyama kimeyafikia kwa kurasa chache. Milan Kundera, mwandishi wa Czech aliyeujua ukomunisti kwa kuishi ndani yake, alikuwa mkali zaidi mwaka 1993. Alidai kwamba hii ni fikra ya kisiasa iliyovaa vazi la riwaya, na kwamba Orwell ameyapunguza maisha ya watu yakawa siasa tupu, jambo ambalo ndilo udikteta wenyewe hulifanya.

Kundera ana haki juu ya baadhi ya kurasa. Katikati ya riwaya kuna sehemu ndefu ambayo Winston anasoma kitabu cha nadharia cha Goldstein, adui mkuu wa Chama, na wasomaji wasiohesabika wameiruka. Klabu ya vitabu ya Book of the Month ya Marekani ilitaka sehemu hiyo iondolewe, pamoja na kiambatisho cha mwisho. Orwell alikataa, ingawa alijua anahatarisha takribani pauni 40,000, fedha nyingi mno kwa mgonjwa. Klabu ilikubali kukichukua kitabu kama kilivyo. Na wanaoiruka sehemu hiyo wana mwenzao ndani ya hadithi, maana Winston anapomsomea Julia kwa sauti, Julia anapitiwa na usingizi.

Lakini Kundera anapitiliza. Kuna mambo katika riwaya hii ambayo hayaingii katika nadharia yoyote ya siasa: kile kizito cha karatasi cha kioo chenye kipande cha marijani ndani ambacho Winston anakinunua kwa sababu tu hakina kazi, mama kabwela anayeanika nguo huku akiimba, wimbo wa kitoto ambao kila mtu anaukumbuka nusu. Bila vitu hivyo mateso ya sehemu ya tatu yasingekuwa na uzito, kwa kuwa kusingekuwa na cha kupoteza.

Lawama iliyochelewa kusikika ni ile ya wanawake. Mwaka 1984, Daphne Patai alichapisha kitabu kizima kuonyesha kwamba Orwell, aliyeona kila aina ya uonevu, hakuuona ule wa wanaume juu ya wanawake. Julia hana jina la ukoo, hana mawazo yanayotajwa kuwa ya maana, na Winston anamtania kuwa uasi wake unaanzia kiunoni na kuishia hapo. Patai aliilinganisha riwaya na kitabu cha Katharine Burdekin cha 1937, kinachochora dunia iliyotawaliwa na Wanazi kwa karne nyingi, ambamo chuki dhidi ya wanawake imewekwa kuwa mzizi wa udikteta wenyewe. Lawama hiyo ilizaa matunda. Mwaka 2023 Sandra Newman, kwa idhini ya wasimamizi wa mirathi ya Orwell, alitoa riwaya ya Julia, inayosimulia matukio yale yale kutoka macho ya mwanamke huyo.

Wasomaji hawakubaliani hata juu ya mwisho wa kitabu. Wengi hufunga kitabu pale Winston anaposalimu amri. Margaret Atwood, katika makala ya mwaka 2003, aliwakumbusha kwamba baada ya hapo kuna kile kiambatisho kuhusu lugha mpya ya Chama, na kwamba kimeandikwa kwa wakati uliopita na kwa Kiingereza cha kawaida. Kwa Atwood hiyo ni dalili kwamba utawala wa Kaka Mkubwa ulianguka, na mtu huru anausimulia kama historia. Yeye mwenyewe alitumia mbinu kama hiyo kumalizia riwaya yake ya distopia ya 1985. Dalili hiyo ni nyembamba, kwa kuwa mwandishi yeyote anaweza kusimulia kwa wakati uliopita bila kumaanisha chochote. Hata hivyo Orwell alikuwa tayari kupoteza pauni 40,000 kuliko kukiondoa kiambatisho hicho, na hilo linampa Atwood nguvu kidogo.

Kugombaniwa kwa riwaya hii hakukuisha na Vita Baridi. Huko nyuma, mwaka 1981, wazazi wa wilaya moja ya jimbo la Florida walitaka iondolewe shuleni kwa madai kwamba inaupendelea ukomunisti, wakati ambao huko Moscow ilikuwa bado marufuku kwa kuupinga. Mwezi Januari 2017, baada ya mshauri wa Rais Donald Trump kutetea takwimu za uongo kwa kuziita ukweli mbadala, ilishika namba moja kwenye orodha ya mauzo ya Amazon na wachapishaji wakaagiza nakala 75,000 zaidi. Wafuasi wa Trump nao waliitumia kuwashutumu wenye mitandao ya kijamii waliowafungia akaunti. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, ilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyoongoza kwa mauzo nchini Urusi. Mwaka huo huo msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Urusi, Maria Zakharova, alidai kwamba Orwell hakuwa akiiandika Urusi bali mwisho wa uliberali wa Magharibi.

Madai ya Zakharova hayana msingi katika barua za Orwell, na ya wale waliotaka kuifanya silaha dhidi ya Labour pia hayana. Yale ya Trilling, Miłosz na wacheshi wa Burma yanasimama, kwa kuwa yanakubaliana na maandishi yenyewe: kitabu kinamhusu yeyote atakayeimiliki kumbukumbu ya watu.

Afrika Mashariki inamjua Orwell kwa mlango mwingine. Fortunatus Kawegere alikitafsiri kitabu cha Animal Farm kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama, kikatolewa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1967, na kimekuwa mikononi mwa wanafunzi tangu wakati huo. 1984 haikupata bahati kama hiyo ya kuingia madarasani. Jina la kiongozi wake, ambalo kwa Kiingereza ni Big Brother, ndilo lililotangulia, kwa njia ambayo mwandishi asingeitarajia. Kipindi cha televisheni cha Big Brother, kilichoanza Uholanzi mwaka 1999 na kufika barani mwaka 2003 kama Big Brother Africa, kiliwafungia vijana katika nyumba yenye kamera kila pembe huku watazamaji wakiwapigia kura. Watanzania wawili, Richard Bezuidenhout mwaka 2007 na Idris Sultan mwaka 2014, walikishinda, na mamilioni waliozoea kulitaja jina la kipindi hicho hawakuwa na habari za riwaya. Huxley angecheka.

Sheria za hakimiliki za Kenya na Tanzania huilinda kazi ya fasihi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Kwa Orwell muda huo uliisha mwishoni mwa mwaka 2000, hivyo anayetaka kuitafsiri 1984 kutoka Kiingereza, kuiigiza jukwaani au kuichapisha upya katika nchi hizo hana wa kumwomba kibali.